Qasr al-Yahud, Mto Yordani: tathmini ya mahali pa ubatizo na ya safari iliyotufikisha

Washarika wenzangu wanaoweka akiba kwa ajili ya hija ya Nchi Takatifu wameniuliza mara nyingi kama kweli inafaa mtu kusafiri hadi Mto Yordani kwa ajili ya ubatizo, ilhali kila usharika una birika lake na mchungaji wake. Nimeona ni vema nijibu kwa maandishi na kwa ukamilifu. Nilikwenda Februari 2023 katika kundi la watu 27 kutoka mkoa wa Kilimanjaro, nikiwa pamoja na mama yangu mwenye umri wa miaka 72 na mjomba wangu wa miaka 61, ambaye alikuwa hajabatizwa. Mama alikwenda kwa sababu ya magoti yake. Mjomba alikwenda kwa sababu ya dhambi. Nayatenganisha mambo hayo tangu mwanzo kwa kuwa wakala aliyetuuzia safari, ambaye sitamtaja, aliyaunganisha katika kipeperushi chake kwa maneno mazito, akiahidi kwamba kila msafiri "atabatizwa upya na kuponywa" katika maji aliyobatizwa Bwana Yesu, na ahadi hiyo ndiyo iliyotusumbua kuliko jambo lingine lolote katika safari nzima.

Nianze na mahali penyewe. Qasr al-Yahud ipo katika Ukingo wa Magharibi, kiasi cha kilomita 10 mashariki ya Yeriko, na ukitoka Yerusalemu barabara inateremka muda wote, ikipita kibao kinachoonyesha usawa wa bahari, kisha inaendelea kuteremka hadi unapofika mtoni ukiwa karibu mita 400 chini ya usawa huo. Sisi tuliozoea kuishi mlimani tulisikia masikio yakiziba. Ng'ambo ya pili ni Al-Maghtas, katika Ufalme wa Yordani, ambako mapokeo ya Wakristo tangu karne za mwanzo yanapatambua kuwa ndipo Yohana Mbatizaji alipokuwa akibatiza, mahali ambapo Injili ya Yohana inapaita Bethania ng'ambo ya Yordani. UNESCO ilipaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015. Kwa hiyo kingo zote mbili zinatazama mahali pamoja, na mpaka wa nchi unapita katikati ya maji.

Anayekwenda ni vizuri afahamu kwamba mahali hapa hapakuwa wazi kwa muda mrefu. Baada ya vita vya mwaka 1967 ukingo huu uligeuzwa eneo la kijeshi, yakategwa mabomu ya ardhini, na makanisa madogo yaliyokuwa karibu na mto yakafungwa na kuachwa. Papa Yohane Paulo wa Pili alifika mwaka 2000, lakini mahujaji wa kawaida walifunguliwa rasmi mwaka 2011, na kazi ya kutegua mabomu kuzunguka makanisa yale ilianza mwaka 2018. Januari 2021 Wafransisko, watawa wa Kanisa Katoliki, waliadhimisha misa katika kanisa lao la Mtakatifu Yohana Mbatizaji hapo karibu na mto kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 50. Basi letu lilipopita kati ya nyaya zenye vibao vya njano vya kutahadharisha mabomu, watu waliokuwa wakiimba walinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Nawashauri viongozi wa makundi wawaeleze watu historia hii kabla ya kufika, kwa sababu inabadilisha namna mtu anavyoyatazama maji yale.

Maji yenyewe huwashangaza wengi. Kwa kuwa tumeimba habari za Yordani tangu utotoni, kila mmoja wetu alikuwa na mto wake kichwani, mpana na wa kung'aa, na tulichokikuta ni mto wa mita chache tu, wenye rangi ya chai ya maziwa, sawa kabisa na Weruweru wakati wa masika. Askari wa ng'ambo angeweza kutusalimia bila kupaza sauti. Sababu zinajulikana: maji yanayotoka katika chemchemi za chini ya Mlima Hermoni hukusanyika katika Ziwa Galilaya, na kuanzia hapo yanazuiwa na kuvutwa kwa matumizi ya majumbani na mashambani, huku mto Yarmuki unaoingia kutoka upande wa mashariki nao ukipunguzwa na mabwawa na mifereji, kiasi kwamba sehemu ndogo sana ya maji ya zamani ndiyo inayofika huku chini karibu na Bahari ya Chumvi, ikiwa imebeba tope na chumvi. Wengine kundini walivunjika moyo waziwazi. Mchungaji wetu aliwaomba wamkumbuke Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, ambaye naye aliutazama mto huuhuu akaudharau, akasema Abana na Farpari, mito ya Dameski, ni mizuri kuliko maji yote ya Israeli, akageuka kwa hasira. Watumishi wake ndio waliomsihi. Alipokubali kujichovya mara saba kama nabii Elisha alivyoagiza, mwili wake ulirudi ukawa kama wa mtoto mdogo. Mchungaji alitilia mkazo kwamba Yordani ya siku ile haikuwa na dawa ndani yake, kwa kuwa kama ingekuwa nayo, wakoma wote wa Israeli wangekwenda kuoga na kupona. Kilichokuwa na nguvu ni neno alilopewa Naamani pamoja na maji, na utii wa kushuka ndani yake.

Hapo ndipo lilipo jambo la msingi kwa anayetaka kuipima huduma hii kwa haki. Mahali penyewe hapabatizi mtu. Utakuta ngazi zinazoshuka hadi majini zikiwa na vyuma vya kushika, jukwaa la mbao, vivuli, vyumba vya kubadilishia nguo, mabomba ya kuogea baada ya kutoka mtoni, vyoo, na duka linalouza kanzu nyeupe na chupa za kuchotea maji. Kiingilio hakuna. Kila kundi huja na mchungaji au padri wake, likatafuta nafasi yake ngazini na kuendesha ibada yake kwa lugha yake. Tulipokuwa hapo kulikuwa na Waethiopia walioimba kwa namna ambayo sitaisahau, na kundi jingine kutoka Amerika ya Kusini. Kwa hiyo ubora wa ubatizo utakaoupata hapo ni ubora wa maandalizi uliyotoka nayo nyumbani, na hakuna ngazi wala kanzu itakayoziba pengo hilo.

Sisi tuliandaliwa vizuri, na sifa zote ni za mchungaji wa usharika wetu, ambaye alikataa kumpeleka mjomba mtoni kabla ya kumfundisha kwa miezi mitatu. Kila Jumatano jioni alifika nyumbani na Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ileile tuliyoikariri watoto wa kipaimara, na waliposoma swali linalouliza maji yanawezaje kutenda mambo makuu hivyo, alimtaka mjomba alijibu kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kulisoma jibu la kitabu, yaani kwamba si maji tu yatendayo, bali ni neno la Mungu lililo pamoja na maji, na imani inayoliamini neno hilo. Mjomba alikuwa na swali lake ambalo alikuwa amelibeba kwa zaidi ya miaka ishirini. Babu yetu aliishika mila hadi kufa kwake na hakuwabatiza watoto. Mama alibatizwa alipoolewa, mjomba mdogo alibatizwa akiwa shuleni, na huyu wa kati akabaki, akisema siku zote kwamba hawezi kuingia kanisani na uchafu wake. Familia nzima ilijua uchafu huo ni upi. Mwaka 1998, baada ya mazishi ya babu, aling'oa usiku masale, yaani mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, akayapanda hatua nne ndani ya kihamba, yaani shamba la urithi, cha mdogo wake, na tangu siku ile ndugu wale wawili hawakuwahi kula pamoja.

Mchungaji hakumwambia arudishe ardhi ndipo abatizwe, kana kwamba ondoleo la dhambi lina bei. Alimwambia kwamba ubatizo ni wa wachafu, kwamba hata mtume Petro anaandika kuwa hauondoi uchafu wa mwili bali ni jibu la dhamiri safi mbele za Mungu, na kwamba anayetaka kuoshwa haogopi kuonyesha palipo na tope. Basi mjomba alikaa wiki mbili kimya. Siku moja asubuhi alikata isale, akalifunga jani lake fundo kama wazee wetu wanavyofanya wanapoomba msamaha, akalipeleka kwa mdogo wake akiwa amelishika kwa mikono miwili. Kwa desturi yetu Wachaga, aliyeletewa isale hawezi kulikataa kwa wepesi. Mjomba mdogo alilipokea bila neno, akaenda kulipanda mlangoni. Siku ya tatu walikwenda wote wawili shambani na kuyarudisha masale ya mpaka mahali pake. Naeleza habari hii kwa ruhusa yao wote wawili, kwa sababu bila hiyo msomaji hataelewa ni kwa nini ninasema ibada ya mtoni ilikuwa kamili.

Siku yenyewe maji yalikuwa baridi na mkondo ulikuwa na nguvu kiasi. Mjomba alishuka ngazi nne akiwa na kanzu nyeupe, maji yakamfika kiunoni, na mkono wake wa kushoto ukawa umekishika chuma hadi vifundo vikabadilika rangi. Mchungaji alimuuliza kama anamkataa Shetani na kazi zake zote. "Ninamkataa," alijibu kwa sauti ambayo hata Waethiopia waliigeukia. Aliulizwa kama anamwamini Mungu Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, akajibu. Kisha mchungaji alichota maji kwa kiganja mara tatu akammiminia kichwani, akilitaja jina lake na jina la Utatu, na maji yale ya rangi ya udongo yakashuka usoni mwake na kuacha mstari wa tope kwenye kola ya kanzu. Mama, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya juu na miguu ndani ya maji, alisema tu, "Karibu nyumbani, mdogo wangu." Mjomba hakujibu, alikiachia kile chuma, akaosha uso kwa mikono yote miwili, akasimama hivyo muda mrefu hata mchungaji akamshika bega ili apande.

Kuhusu sisi wengine tuliokuwa tumebatizwa, hapo ndipo ahadi ya kipeperushi ilipoleta shida. Watu kadhaa walikuwa wamelipa wakiamini kwamba watabatizwa tena, na mchungaji alilazimika kuwaeleza ndani ya basi kwamba Kanisa letu linaungama ubatizo mmoja kwa ondoleo la dhambi, kwamba kurudia ubatizo ni sawa na kusema Mungu hakulitimiza neno lake mara ya kwanza, na kwamba aliyeanguka baada ya ubatizo hurudi kwa toba, na ubatizo wake ungalipo ukimngoja. Wawili walikasirika, nami siwalaumu, kwa kuwa walikuwa wameuziwa kitu kingine. Badala yake tulifanya ibada ya kukumbuka ubatizo: kila mmoja alishuka ngazi moja au mbili, mchungaji akachovya kidole mtoni na kumwekea alama ya msalaba kwenye paji la uso, akimwambia akumbuke kwamba amebatizwa. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga wa miezi miwili na sina kumbukumbu yoyote ya siku ile, na kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba jambo lile lilinitokea mimi hasa. Ndugu zetu Wapentekoste na Waadventista, wanaobatiza watu wazima kwa maji mengi, wana msimamo tofauti kuhusu ubatizo wa watoto, na makundi yao huzamisha watu hapo kila siku. Ninachosisitiza ni kwamba mtu azungumze na mchungaji wake kabla ya kulipa nauli, asije akafundishwa imani na wakala wa safari.

Nifike kwenye uponyaji, kwa kuwa ndio unaoulizwa kuliko yote. Magoti ya mama hayakupona mtoni. Alikaa na miguu majini kwa muda wote wa ibada, akaomba, akainuliwa na watu wawili kama siku zote, na hadi leo anakwenda kliniki na kutumia dawa zake. Simaanishi kwamba Mungu haponyi mwili. Naamani aliponywa, na katika Injili Bwana Yesu alimwambia yule mwenye kupooza kwamba amesamehewa dhambi zake kabla ya kumwambia ainuke ajitwike kitanda chake. Lakini tazama alichokitanguliza. Ubatizo umeahidiwa ondoleo la dhambi na kipawa cha Roho Mtakatifu, na ahadi hiyo haina masharti ya hali ya hewa wala ya mto. Uponyaji wa mwili Mungu huutoa apendapo, na hakuna mtu aliyepewa mamlaka ya kuuweka kwenye kipeperushi pamoja na bei ya chakula na malazi. Usiku ule hotelini Bethlehemu nilimuuliza mama kama amesikitika. Alinijibu kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akipika chakula cha Krismasi mara mbili, sufuria moja kwa kila mdogo wake, na kwamba mwaka huu atapika mara moja.

Malalamiko yangu, basi, ni kwa wakala, wala si kwa mto. Kwanza, tulipangiwa dakika 45 tu mtoni, pamoja na kubadilisha nguo na kupiga picha, ilhali siku hiyohiyo tulipewa karibu saa mbili katika duka la vitu vya kumbukumbu ambalo hakuna aliyeliomba. Ibada ilitimia kwa sababu mchungaji alisimama imara na dereva akawa na huruma. Pili, mwakilishi wa wakala alipita ndani ya basi akiuza chupa ndogo za maji aliyoyaita ya uponyaji, akiwalenga wazee, na mchungaji akamwomba mbele ya wote aache. Maji ya mtoni unaweza kuchota mwenyewe bure kwa chupa uliyotoka nayo nyumbani. Usiyanywe, wala usimpe mgonjwa ayanywe, kwa kuwa ni maji ya mto wa mkondo wa chini uliopita kwenye makazi na mashamba; mwenye kidonda pia asishuke. Tatu, cheti chenye picha ya mto kilichouzwa kwa kila msafiri kama "cheti cha ubatizo" ni kumbukumbu tu. Cheti halali ni cha usharika wako.

Siku mbili baadaye tulipita Yardenit, kaskazini, pale mto unapotoka katika Ziwa Galilaya. Palifunguliwa mwaka 1981, wakati ukingo wa Qasr al-Yahud ulipokuwa bado umefungwa, na kwa huduma pamejengwa vizuri zaidi: maji ni ya kijani na yenye kina, miti imeinamia mtoni, njia na ngazi ni nyingi, na maneno ya Injili ya Marko kuhusu ubatizo wa Yesu yameandikwa ukutani kwa lugha nyingi. Kwa mzee asiyeweza kutembea, au kundi kubwa lenye watu wengi wa kubatizwa, ningesema aende huko bila kusita. Hata hivyo mapokeo ya mahali alipobatizwa Bwana yapo kusini, na mimi moyo wangu ulibaki kwenye tope. Kutoka ngazini kwetu tulikiona kuba cha dhahabu cha kanisa la Waorthodoksi upande wa Yordani. Huko ndiko yaliko magofu ya makanisa ya kale yaliyoanza kuchimbuliwa miaka ya 1990, baada ya Israeli na Yordani kutia sahihi mkataba wa amani mwaka 1994, na mwenye kupenda historia atapata mengi zaidi upande huo.

Kwa atakayekwenda Qasr al-Yahud, fika asubuhi mapema kabla mabasi hayajajaa. Chukua viatu vya plastiki visivyoteleza, kwa kuwa ngazi za chini zina utelezi wa tope, na taulo yako mwenyewe. Kanzu ukiishona nyumbani itakuwa nafuu na itakutosha vizuri. Miezi ya kiangazi cha huko joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo wazee wapelekwe kati ya Novemba na Machi, wakiwa na nguo nzito za kuvaa mara watokapo majini. Hali ya usalama ya eneo hilo hubadilika, na mpaka unaweza kufungwa ghafla; uliza kwanza kabla ya kulipa malipo ambayo hayarudishwi.

Mahali ninapapa nyota nne kati ya tano, nikipunguza moja kwa sababu wenye ulemavu hushuka ngazi kwa shida. Wakala nampa mbili. Maandalizi ya mchungaji wetu nayapa tano, na kama angelazimika kuchagua kati ya miezi mitatu ile ya Jumatano na siku moja ya Yordani, mjomba mwenyewe anasema angechagua Jumatano.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi alitambulishwa mbele ya usharika, na baada ya ibada tukaingia ofisini ili ubatizo wake uandikwe katika kitabu. Karani aliandika tarehe, jina, na katika safu ya mahali akaandika Mto Yordani, kisha akauliza nani atatia sahihi kama shahidi. Mjomba mdogo alikuwa amesimama mlangoni, na suruali yake ilikuwa na utomvu wa migomba kwa sababu alitoka kukata ndizi za sherehe. Alipangusa mikono, akaomba kalamu.